Taa ya Eabegi kwenye Haibridi ya Zamani: Inasema Nini, na Inanyamazia Nini?

Baba mdogo hanipigii simu usiku bila sababu. Juzi hapa alipiga saa tatu kasoro, na hata shikamoo yangu hakuisubiri iishe. "Marahaba. Hivi wewe si umesoma kemia? Kuna taa nyekundu kwenye dashibodi, kimtu kimekaa na mbele yake kuna puto. Haizimi."

Gari lake ni haibridi ndogo ya Kijapani ya mwaka 2010, aliyoinunua mtumba. Kampuni sitaitaja, maana kilichompata kinaweza kulipata gari lolote la umri huo. Kila asubuhi anatoka Kimara na mama mdogo hadi Posta, na katikati wanamshusha mjukuu shuleni. Kwa hiyo taa ile haikuwa jambo la kuchezea.

Kabla ya kunipigia alikuwa ameshapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza, chini ya mwembe, alimwambia: "Mzee, hiyo taa haina shida. Tunachomoa balbu, elfu kumi tu, umemaliza." Wa pili, gereji yenye geti na kiyoyozi, akamwambia eabegi zote zimekufa, atoe milioni mbili na laki mbili. Elfu kumi au milioni mbili na laki mbili, kwa taa ileile! Ndipo akamkumbuka mtoto wa kaka yake aliyesoma kemia.

Mimi si fundi magari, nikiri mapema. Ila eabegi ni mlipuko mdogo uliofungwa ndani ya mfuko, na milipuko ni kemia. Tuanzie hapo.

Kazi yote huisha kabla hujapepesa jicho

Fikiria gari liko mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambazo ni kama mita 14 kwa sekunde. Gari linagonga ukuta na kusimama, ila kichwa chako hakijasimama. Kitaendelea mbele kwa mwendo uleule hadi kikutane na kitu. Kikikutana na usukani na kusimama ndani ya sentimita 5, nguvu inayokipata ni karibu mara 200 ya uzito wake. Kikisimama taratibu ndani ya sentimita 30, inashuka hadi kama mara 33. Hesabu yenyewe ni ya sekondari: mwendo kwa kipeo cha pili, gawanya kwa mara mbili ya umbali wa kusimamia. Eabegi na mkanda vinakununulia sentimita hizo chache.

Shida ni muda. Sensa iliyoko mbele ya gari na nyingine ndani ya kompyuta ya eabegi zinapima jinsi gari linavyopunguza mwendo ghafla. Kompyuta inaamua ndani ya takriban milisekunde 15 hadi 30 kama hii ni ajali ya kweli au ni shimo la barabara. Ikiridhika, inapeleka umeme kidogo kwenye kiwashio, kijiti chembamba kinachofanya kazi kama kiberiti. Kiwashio kinachoma vidonge vya kemikali ndani ya chombo cha chuma, vidonge vinatoa gesi, gesi inajaza mfuko. Baada ya milisekunde nyingine 30 hivi mfuko umejaa, na mara moja unaanza kutoa upepo kupitia matundu ya nyuma ili ukupokee kwa ulaini. Kupepesa jicho mara moja huchukua milisekunde 100 au zaidi. Yaani mfuko umeshajaa wakati wewe hujajua hata kama umegonga.

Kwa sababu hiyo eabegi haifanyi kazi peke yake. Ukikaa bila mkanda, au ukiukumbatia usukani, unakutana na mfuko wakati bado unalipuka, na hapo unaweza kukuumiza vibaya. Wamarekani wanashauri kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Na kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi kabisa mbele ya eabegi inayofanya kazi. Nimemwambia baba mdogo mjukuu akae nyuma, na hilo limetekelezwa, japo kwa manung'uniko ya mjukuu.

Sasa taa inapima nini?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, mafundi wakiwemo. Ukiwasha swichi ya gari, kompyuta ya eabegi inapitisha umeme mdogo sana kwenye kila waya na kupima ukinzani wake. Kiwashio kizima kina ukinzani mdogo, kama omu 2 au 3. Kompyuta ikikuta hivyo kila mahali, taa inakaa sekunde chache, kwenye magari mengi kama sita, kisha inazima. Ikikuta waya umekatika au umegusana na mwingine, inaiacha taa inawaka na kuandika namba ya hitilafu kwenye kumbukumbu yake. Kuanzia hapo sehemu ya mfumo, au mfumo wote, unaweza usifanye kazi siku ya ajali.

Umeona? Taa inapima njia ya umeme. Hali ya vidonge haiijui, chuma kama kina ufa haijui, mfuko kama umeoza haijui. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Kwa hiyo taa ikiwaka kwenye gari la miaka 15, mara nyingi eabegi yenyewe haijafa. Kilichochoka ni kitu cha bei nafuu njiani.

Kwenye haibridi naanza na betri ndogo ya volti 12. Ndiyo, pamoja na betri kubwa, haibridi ina betri ndogo ya kawaida inayolisha kompyuta zote, na kwenye Prius za zamani imefichwa nyuma kwenye buti. Gari la kawaida betri ikichoka unaisikia: starta inaguna asubuhi. Haibridi kama Prius haina starta ya namna hiyo wala altaneta. Betri ndogo inachajiwa kutoka betri kubwa kupitia kifaa cha kushusha umeme, na kazi yake kubwa ni kuamsha kompyuta. Inaweza kuchoka polepole bila wewe kusikia chochote, kisha siku moja dashibodi ikawa kama mti wa Krismasi. Kuipima ni dakika mbili. Ajabu ni kwamba mafundi wote wawili hawakuipima.

Baadaye unainama chini ya viti. Kuna soketi za manjano pale. Kwenye magari mengi manjano ni rangi ya eabegi, kama chungwa ilivyo rangi ya umeme mkubwa wa haibridi. Waya hizo zinavutwa kila ukisogeza kiti, na zinaloa kila kijana wa kuosha magari anapopuliza maji chini ya kapeti. Kutu kidogo kwenye soketi inatosha kubadilisha ukinzani, taa ikawaka.

Halafu kuna spairo kebo. Hiki ni kifaa ninachokipenda, niseme ukweli. Usukani unazunguka, lakini waya za eabegi haziwezi kuzunguka milele, zingekatika. Kwa hiyo nyuma ya usukani kuna utepe mwembamba wa waya uliokunjwa kama springi ya saa ya ukutani, unaojikunja na kujikunjua unavyokata kona. Kona za miaka 15, fikiria ni ngapi. Utepe huo ukikatika taa ya eabegi inawaka, na mara nyingi honi au vitufe vya redio vya kwenye usukani vinakufa pamoja nayo, maana waya zao zinapita humohumo.

Nikamuuliza baba mdogo: honi inalia? Kimya kidogo. "Honi ina wiki mbili hailii. Nilijua ni fyuzi."

Basi. Tulikwenda kwa fundi wa tatu mwenye mashine ya kupima. Kupima ni elfu 25, na mashine ikataja hitilafu kwenye njia ya umeme ya eabegi ya dereva. Spairo kebo ya mtumba ilipatikana kwa laki moja na elfu 20, ufundi elfu 40. Jumla ni laki moja na elfu 85. Honi ikalia, taa ikazima. Ile gereji ya geti na kiyoyozi sitaisema zaidi.

Bei hizo ni zake, za siku ile, na zako zinaweza kupishana. Mpangilio ndio wa kuushika: pima betri, soma namba ya hitilafu, angalia soketi, angalia spairo kebo, ndipo umsikilize mtu anayekutajia eabegi mpya. Mambo huwa tofauti kabisa kama gari limeshapata ajali na eabegi zilifunguka. Hapo unahitaji mifuko, mikanda (ina baruti yake ya kuikaza), pengine dashibodi nzima iliyopasuka, na kompyuta ya eabegi ambayo imeandika kumbukumbu ya ajali na kugoma. Gharama hiyo kwenye gari la zamani inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Na ndiyo maana kuna biashara ya ujanja.

Ujanja wenyewe uko hivi. Balbu inachomolewa, au waya wa taa unaunganishwa na taa nyingine ili zizime pamoja. Mwenye ujanja zaidi anafunga rezista ya omu 2 mahali pa eabegi. Kompyuta inapima, inakuta ukinzani iliouzoea, inaridhika, inazima taa. Nyuma ya kifuniko kilichogundishwa vizuri hakuna kitu. Ukinunua gari, washa swichi uitazame taa hiyo: lazima iwake kwanza, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, muulize muuzaji kwa nini. Rezista huwezi kuiona kwa macho. Angalia kifuniko cha usukani na cha dashibodi upande wa abiria kama rangi na mishono vinalingana, na ikiwezekana fundi afungue.

Usijaribu nyumbani

Najua wasomaji wetu. Kuna mmoja ameshachukua bisibisi.

Umeme mdogo sana unaweza kuwasha kiwashio. Kwa hiyo hata multimita haielekezwi kwenye eabegi yenyewe kupima ukinzani. Vitabu vya watengenezaji vinakataza. Kompyuta ya eabegi pia ina kepasita inayotunza umeme ili mfumo ufanye kazi hata betri ikikatika katikati ya ajali. Ndiyo maana Toyota huelekeza kuzima gari, kutoa kichwa hasi cha betri ndogo, na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Eabegi iliyotolewa inawekwa mezani ikitazama juu. Ikitazama chini ikalipuka, inaruka kama roketi.

Kwenye haibridi kuna la ziada. Prius ya kizazi cha pili ina betri kubwa ya volti 201.6, na kifaa chake cha kuinua umeme kinaweza kuifikisha hadi volti 500. Kuna jambo zuri hapa: eabegi ikifunguka, kompyuta yake inaupa mfumo wa haibridi taarifa, na swichi kuu za umeme mkubwa zinakatwa zenyewe ili waokoaji wasipigwe shoti. Fundi anayechezea waya za manjano ili taa izime anaweza bila kujua kuwa ameikata na taarifa hiyo. Kubadilisha spairo kebo hakuhitaji kugusa waya za chungwa. Ukimwona fundi anazishika kwa kazi hiyo, mzuie.

Kile ambacho taa inakinyamazia

Sasa turudi pale niliposema ushike.

Vidonge vya gesi vya mwanzo vilikuwa vya sodiamu azaidi, ambayo ikipata joto inatoa naitrojeni haraka sana. Ni sumu kali kabla haijaungua, hivyo kampuni zikaihama. Wengi walikwenda kwenye guanidini naitreti. Kampuni moja ya Japani, Takata, ilichagua amoniamu naitreti, ambayo ni ya bei nafuu na inatoa gesi nyingi.

Mtoto wa mkulima anaijua amoniamu naitreti. Imo kwenye mbolea ya CAN. Acha mfuko wazi ghalani masika uone: inavuta unyevu, inashikana, inageuka jiwe. Tena fuwele zake hubadili umbo karibu na nyuzi joto 32, na zikibadilika zinatanuka au kusinyaa. Takata waliongeza kemikali ya kuzituliza, lakini kwenye vifaa vingi hawakuweka dawa ya kunyonya unyevu. Joto la mchana, baridi ya usiku, unyevu, mwaka baada ya mwaka, na vidonge vikapata vijitundu. Kidonge chenye vijitundu kina eneo kubwa la kuungua, kwa hiyo kinaungua haraka kupita kiasi. Gesi inakuja kwa fujo, chombo cha chuma kinapasuka, na vipande vyake vinapita kwenye mfuko kuelekea shingo na uso wa dereva. Kuna ajali ndogo tu, za kukwaruzana bampa, zilizoua kwa namna hiyo.

Marekani peke yake iliita vifaa takriban milioni 67 vibadilishwe, na waliokufa nchini humo ni zaidi ya 25. Malaysia nako kumetokea vifo. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa la udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani, na mwezi Juni mwaka huo ikafilisika. Waliopewa kipaumbele cha kubadilishiwa ni wa Florida, Hawaii, Puerto Rico na maeneo mengine ya joto na unyevu. Sasa tazama nje ya dirisha lako ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, uniambie hali ya hewa yetu inafanana na ya wapi.

Haibridi zimo. Honda Civic Hybrid na Honda Insight zilikuwa kwenye miito ya Takata. Prius ina kisa kingine: mwezi Juni 2016 Toyota iliita magari milioni 1.43 duniani, Prius na Lexus CT 200h yaliyotengenezwa kati ya Oktoba 2008 na Aprili 2012, zaidi ya laki saba kati yake yakiwa Japani. Tatizo halikuwa vidonge. Chombo cha gesi cha eabegi ya pazia, ile ya juu ya madirisha, kingeweza kuwa na ufa kwenye mshono wa chuma, na vipande vyake viwili vikaachana. Autoliv, waliokitengeneza, walijua matukio saba ya eabegi hizo kujifungua kiasi, yote kwenye Prius zilizokuwa zimeegeshwa.

Na kwenye hali zote hizi mbili, taa ya dashibodi inaweza kuwa imezima kabisa. Ukinzani wa kiwashio uko sawa, kompyuta imeridhika.

Kwa hiyo baada ya kushangilia laki moja na elfu 85, nilimwomba baba mdogo namba ya chesisi. Kazi hii haina gharama, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike makala hii. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba ya tarakimu na herufi 17. Lina namba fupi inayoanza na aina ya gari, kwa mfano NHW20 au ZVW30 kwa Prius, kisha kistari, kisha tarakimu. Ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya Marekani ya kukagua magari, itakataa, na watu wanadhani gari liko salama. Nenda kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, sehemu ya kutafuta miito kwa namba ya chesisi, acha simu ikutafsirie. Itakuonyesha kama kuna wito na kama ulishafanyiwa kazi.

Nina sababu ya kusisitiza. Tangu Mei 2018, Japani haihuishi ukaguzi wa magari yenye eabegi za Takata za hatari zaidi ambazo hazijabadilishwa. Gari lisilopita ukaguzi kule haliruhusiwi barabarani kule. Mwenye gari wa namna hiyo akipewa chaguo la kuuza nje, unadhani atafanya nini? Sina ushahidi kuhusu gari lako. Lakini ukaguzi ni dakika tano, na kutojua ni kwako na kwa anayekaa pembeni yako.

Kwa sababu hiyohiyo naitenganisha mitumba. Spairo kebo ya mtumba sawa, ni utepe wa waya, ukikatika taa itakwambia. Eabegi ya mtumba ni kitu kingine: unanunua vidonge vya umri usioujua, kutoka gari usilolijua, na taa haitakwambia lolote. Kama huna uwezo wa mpya, angalau ipatikane na namba ya chesisi ya gari ilikotoka. Muuzaji akikosa namba hiyo, mimi nisingeinunua.

Ya baba mdogo? Kulikuwa na wito mmoja, na ulikuwa umeshafanyiwa kazi kabla gari halijapanda meli. Alikaa kimya kwenye simu, kisha akauliza tufanye nini na gari la jirani yake, la 2004, ambalo taa yake ya eabegi haijawahi kuwaka hata siku moja. Jumamosi tunakwenda kuliwasha swichi.

Halafu ameanza kuniuliza kuhusu betri kubwa. Hiyo ni makala nyingine.